Kilo Hupimwa, Makuzi Husubiri: Watoto Wadogo wa Makanya na Huduma Inayochelewa

Mtoto huhesabiwa kuwa amechelewa kimakuzi anapofikia umri ambao wenzake wengi wamekwisha kukaza shingo, kukaa bila kuegemezwa, kugeuka wanapoitwa au kutamka maneno ya kwanza, ilhali yeye bado. Afua za mapema ni huduma anazopewa mtoto wa namna hiyo, au yule aliyezaliwa katika mazingira ya hatari, ubongo wake ungali unajijenga kwa kasi, yaani tangu mimba hadi miaka ya kwanza ya uhai. Miongoni mwa vyanzo vya hatari hiyo ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani, na udumavu, ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5.

Makanya, mji mdogo wa wilaya ya Same unaojulikana kwa mkonge na jasi, upo kwenye tambarare kavu chini ya milima ya Upare, ambako mvua haba hufanya mavuno ya mahindi yawe ya kubahatisha, na mama anayekwenda kibaruani humwacha mtoto kwa bibi au kwa dada yake mkubwa. Hata hivyo kliniki ya watoto huhudhuriwa, na katika hilo akina mama wanastahili sifa kuliko wanavyopewa. Kama ilivyo katika zahanati nyingi nchini, mtoto huvishwa mfuko wa kitambaa, huning'inizwa kwenye ndoano ya mizani, na mshale ukitulia uzito huandikwa kwenye kadi. Mizani hiyo haiwezi kusema kama mtoto anamtazama mama yake usoni. Mtoto anaweza kuongezeka kilo kila mwezi na bado akawa hasikii, na mama akieleza wasiwasi wake nyumbani hujibiwa kwamba mtoto ni mzito tu, hata baba yake alichelewa kutembea. Jibu hilo hutolewa kwa mapenzi, lakini hula miezi ambayo mtoto aliihitaji kuliko miezi mingine yote.

Ushahidi kwamba muda huo una thamani ulipatikana Kingston, Jamaika, ambako katika miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Kwa baadhi yao, mhudumu wa afya ya jamii alifika nyumbani kila wiki kwa saa moja, kwa miaka 2, akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 25. Hapakutumika mashine wala dawa ya gharama. Chupa tupu yenye kokoto, vizibo vilivyotungwa kwenye uzi na bakuli za kupachikana hupatikana Makanya pia.

Serikali ya Tanzania inalifahamu jambo hili, kwani Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto hadi miaka 8. Ugumu upo katika kuifikisha programu hiyo mezani pa muuguzi mwenye foleni ndefu, na katika umbali wa zaidi ya kilometa 100 kati ya Makanya na hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, kwa mama anayelipwa kwa siku.

Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayeingia hadi jikoni, ndiye anayepaswa kufundishwa kwanza na kulipwa ipasavyo. Mtoto mwenye utindio wa ubongo, yaani athari ya ubongo inayovuruga misuli na mwendo, haponi kwa mazoezi. Lakini mama akionyeshwa kumkalisha wima kwenye beseni lililozungushiwa khanga, kichwa kikiinama mbele kidogo, na kumlisha uji mzito kwa kijiko kidogo bila haraka, mtoto hupaliwa mara chache na hushiba. Somo hilo huhitaji kurudiwa kwa wiki kadhaa katika nyumba ileile, na nauli ya kulirudia haina budi kuwemo katika bajeti ya halmashauri.