Mkono mfukoni, shabaha mita 10: Mashindano ya bastola ya ridhaa yanachezwaje?

Huenda picha ile ilipita kwenye simu yako. Mwanaume mwenye mvi, fulana nyeupe, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyoosha bastola. Ni Yusuf Dikeç wa Uturuki, siku ya Julai 30, 2024, alipotwaa medali ya fedha ya timu mseto pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika Olimpiki ya Paris.

Mitandaoni watu walitania kwamba jamaa katoka tu nyumbani kununua mkate, akapitia uwanjani. Kumbe alikuwa na miaka 51 na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano, kuanzia Beijing 2008.

Hata hivyo, utani ule una ukweli ndani yake. Mchezo huu hautaki misuli mikubwa wala ujana. Ndiyo maana wachezaji wa ridhaa, watu wenye kazi zao za ofisini na dukani, huucheza kwenye klabu mpaka uzeeni. Sasa, mtu wa kawaida akitaka kushindana anakutana na nini?

Bastola ya aina gani?

Wengi huanza na ile ile aliyotumia Dikeç: bastola ya upepo. Haitumii baruti. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma kirisasi chenye upana wa milimita 4.5.

Kanuni za kimataifa zinaibana sana. Bastola isizidi gramu 1,500. Triga isiwe laini kupita kiasi: lazima ihimili uzito wa gramu 500 kabla ya kufyatuka. Unashika kwa mkono mmoja tu, bila kuegemea kitu chochote, na kifundo cha mkono kisifungwe.

Ule mkono mfukoni, basi, si mbwembwe. Mkono usio na kazi ukiachwa unaning'inia, unauyumbisha mwili. Karibu wachezaji wote huuweka mfukoni au huukamatisha kwenye mkanda.

Shabaha ni ndogo kiasi gani?

Shabaha iko mita 10 mbele yako. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5, karibu sawa na kifungo cha shati. Kirisasi kikigusa tu mstari wa duara, unapewa pointi ya juu.

Katika mchujo unapiga risasi 60. Ukipata zote kumi kumi, ni pointi 600. Mkorea Jin Jong-oh alipiga 594 mwaka 2009, yaani alipoteza pointi sita tu katika risasi zote. Wewe ukipata wastani wa 8 kwa kila risasi, utamaliza na 480. Si haba kwa anayeanza.

Siku ya mashindano

Kwanza vifaa vyako vinakaguliwa: bastola inapimwa uzito, triga inapimwa. Kisha unapewa namba ya nafasi yako kwenye mstari.

Mkishaitwa, mnapewa dakika 15 za kujiandaa na kupiga risasi za majaribio zisizohesabiwa. Baada ya hapo ndipo mashindano yanaanza. Palipo na shabaha za kielektroniki, mna dakika 75 kumaliza risasi 60.

Hesabu ya haraka inaonyesha una zaidi ya dakika moja kwa kila risasi. Ni muda mwingi, na wachezaji wapya wengi huutumia vibaya. Wanapiga haraka haraka dakika za mwanzo, wanachoka bega, halafu wanaanza kuangalia alama za jirani. Mwenye uzoefu hunyanyua mkono, akiona mambo hayajakaa sawa anaushusha, anapumua, anaanza upya. Hakuna anayekukata pointi kwa kushusha mkono.

Tatizo si mkono kutetemeka

Hili ndilo jambo linalowashangaza wengi. Mkono wa kila mtu unatetemeka, hata wa bingwa. Kinachoharibu risasi ni kitu kingine.

Juu ya bastola kuna kinundu mbele, kwenye ncha ya mtutu, na nyuma kuna pengo. Unatakiwa ukione kinundu kimekaa katikati kabisa ya pengo.

Tuseme umbali kati ya kinundu na pengo ni sentimita 35. Kinundu kikihama milimita 1 tu ndani ya pengo, risasi itaangukia karibu milimita 28 kutoka katikati ya shabaha. Hapo umepata 7. Lakini mkono wako wote ukiyumba milimita 5 pembeni, huku kinundu kikibaki katikati ya pengo, bado unapata 10.

Kwa hiyo makocha hukwambia jambo linaloonekana la ajabu: usiikodolee macho shabaha. Tazama kinundu. Shabaha iache ionekane na ukungu kidogo.

Na kidole? Hapo ndipo penye vita. Mtu akiona kinundu kimetulia kwa nukta moja, anaharakisha: "Sasa!" Anavuta triga kwa nguvu, bastola inapinda, pointi zimekwenda. Dawa yake ni kuongeza nguvu ya kidole taratibu huku mkono ukiendelea kutetemeka, bila kusubiri nukta ile kamili. Zoezi hili linafanyika bila kirisasi, mbele ya ukuta mweupe, dakika 15 kwa siku. Halina gharama, ila hakikisha kila mara kwamba bastola ni tupu.

Hata mabingwa huteleza

Mkorea Kim Yeji alipata medali ya fedha ya bastola ya upepo huko Paris na kuwa gumzo la mitandao. Siku chache baadaye aliingia kwenye bastola ya mita 25, ambako sehemu ya pili ina sekunde 3 tu kwa kila risasi. Risasi moja ilichelewa, ikaandikwa sifuri, na akakosa fainali.

Manu Bhaker wa India alipitia njia ya upande wa pili. Katika Olimpiki ya Tokyo bastola yake iliharibika katikati ya mchujo, akatoka mapema. Alirudi Paris akaondoka na medali mbili za shaba.

Kwa nini usalama hauna mzaha

Bastola ya upepo inaweza kumtoa mtu jicho. Mtutu huelekea kwenye shabaha wakati wote. Huweki kirisasi kabla ya amri, na ukisikia amri ya kusimama, unasimama hapo hapo. Ukigeuka na bastola mkononi umsalimie rafiki, mwamuzi anaweza kukuondoa mashindanoni.

Nyuma ya ukali huo kuna jambo kubwa: mchezo huu unaishi kwa imani ya jamii. Machi 1996 mtu aliyemiliki bastola kihalali aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku karibu bastola zote za baruti, hata za wanamichezo. Bastola za upepo zilibaki kuruhusiwa.

Kabla hujatoa pesa

Usianze kwa kununua. Anza na sheria ya nchi yako, kwa sababu katika nchi nyingi hata silaha ya upepo inahitaji kibali. Kenya, ruhusa za silaha hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania, mlango wa kwanza ni polisi. Usiagize bastola mtandaoni ukidhani ni kifaa cha michezo kama raketi.

Pili, tafuta klabu. Klabu nyingi huwa na bastola za kuazima kwa wanaojifunza. Uliza pia wanacheza aina gani. Kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu, kwa mfano, wamiliki wenye leseni hushindana kwa bastola za baruti, wakihama kutoka kituo hadi kituo huku saa ikihesabu. Ule ni mchezo tofauti kabisa na kusimama mita 10.

Tatu, kama unatumia dawa za presha au moyo, soma majina yake. Dawa za kundi la beta-bloka, kama propranolol na atenolol, hutuliza mapigo ya moyo na mtetemeko. Kwa sababu hiyo zimepigwa marufuku kwenye ulengaji shabaha, ndani na nje ya mashindano. Usiache dawa ya daktari ili ucheze. Zungumza naye kwanza, na uliza waandaaji kuhusu kibali cha matibabu kabla ya kujiandikisha.