Mbegu Zinazodai Baridi Kabla ya Kuota

Akina mama wengi wa huku Lushoto hupenda maua yanayodumu bustanini miaka mingi bila kupandwa upya kila msimu. Mara nyingine ndugu aliye ng'ambo hutuletea pakiti zenye picha za kuvutia za delfiniamu, lavenda au akwilegia. Mama huzisia kwenye trei, humwagilia mwezi mzima, wala hakuna kinachochomoza. Majirani husema mbegu zimekufa, au mama huyo hana mkono wa kupanda, na trei humwagwa jalalani. Kumbe mbegu zilikuwa hai kabisa, zimelala tu.

Huko Ulaya mbegu hudondoka muda mfupi kabla ya majira ya baridi kali. Kama zingeota papo hapo, miche michanga ingeuawa na barafu. Kwa hiyo ndani ya mbegu kuna kizuizi kinachoondoka polepole, pale tu mbegu iliyolowa inapokaa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Tusisitize neno hilo: iliyolowa. Pakiti kavu ikiwekwa kwenye friji hata mwaka mzima, mbegu zitahifadhika vizuri lakini hazitaamka.

Utauliza, kwani Lushoto hakuna baridi? Ipo, Juni hadi Agosti, na wenzetu wa Magamba na Shume wanaijua zaidi. Lakini mbegu hizi hupenda nyuzijoto 1 hadi 5, usiku na mchana, nasi hata Julai jua likitoka tunavua sweta. Ndiyo maana friji inahitajika.

Sisi wauguzi tunalifahamu jambo hili kwa upande mwingine, kwani chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 katika kile tunachokiita mnyororo baridi. Hata hivyo, friji ya chanjo ya zahanati si mahali pa mbegu kamwe, hata kama muuguzi ni shoga yako. Tumia ya nyumbani, au omba nafasi kwa jirani.

Chukua mchanga safi, uloweshe, kisha uukamue mkononi mpaka usidondoshe maji. Changanya na mbegu, tia kwenye mfuko wa plastiki, uandike jina na tarehe. Weka sehemu ya chini ya friji, mbali na kisanduku cha barafu, maana kugandisha siyo tunachotaka. Delfiniamu huhitaji kama wiki 2, akwilegia wiki 3 hadi 4, lavenda wiki 4 au zaidi kidogo. Kokwa za pichi hudai miezi 2 hadi 3. Kila wiki fungua mfuko utazame kama kuna ukungu, au mzizi mweupe uliochomoza. Ukiuona mzizi, sia siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika usihangaike, kwani mbegu si chanjo. Usifungue mlango ovyo, na baadaye ongeza siku chache.

Kwa hesabu yetu, mwezi wa kuanzia ni Agosti. Ukisia Septemba kwenye kivuli, miche itakuwa na nguvu ya kupokea mvua za vuli. Mvua kubwa za masika huozesha miche michanga shinani.

Sasa tuseme jambo ambalo pakiti nyingi hazilisemi kwa sauti. Delfiniamu ni sumu, kuanzia mizizi hadi ua, na mbegu pamoja na miche michanga ndiyo yenye sumu kali zaidi. Mfuko wa mbegu ndogo nyeusi karibu na mboga unaweza kumdanganya mtoto, hata msichana wa kazi. Uweke ndani ya kopo lenye mfuniko na alama inayosomeka. Mtu akila, anaweza kuhisi ganzi mdomoni, kutapika, kulegea na mapigo ya moyo kuvurugika. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa kama wengi wanavyoshauri. Mkimbize hospitali na uchukue mmea au pakiti. Na kwa kuwa wengi wetu hufuga ng'ombe zizini kwa kukatia majani, matawi ya delfiniamu yasichanganywe na malisho hata siku moja. Huko Marekani mimea ya jamii hii imeua ng'ombe wengi malishoni.

Anayetaka kuagiza mbegu kutoka nje afuate taratibu za kibali na cheti cha afya ya mimea. Usione ni usumbufu. Pale Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, kulipandwa mti wa Maesopsis kutoka kwingineko, na hondohondo wakasambaza mbegu zake hadi ndani ya msitu wa asili.

Na asiye na friji? Milima yetu ina dughulushi, ua la zambarau ambalo afisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892. Leo liko madirishani dunia nzima. Halihitaji baridi yoyote. Usiling'oe msituni, maana huko linazidi kuwa adimu. Omba jani moja kwa mwenye nalo, lichomeke kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na baada ya miezi 2 hivi utaona vichipukizi vinatoka chini yake.