Mapunye ya mtoto hayaponi? Mtazame na mbwa wa getini

Mama mmoja kutoka Tunduma aliniletea mwanawe wa miaka sita akiwa amevaa kofia ya sufi. Ilikuwa Julai, na baridi ya huku kwetu Songwe mnaijua, hivyo sikushangaa. Alipomvua kofia nikaona uvimbe laini utosini, unaotoa usaha, nywele zimenyonyoka. Pembeni palikuwa na maduara mawili yenye magamba.

"Daktari, nimempaka dawa miezi miwili. Kuna mahali wakalipasua wakidhani ni jipu. Ndiyo kwanza linaongezeka," alisema.

Nikamuuliza kama nyumbani kuna mnyama.

"Lipo jibwa la baba yake, linalinda yadi ya malori. Nalo limenyonyoka manyoya mgongoni. Baba yake ameshanunua sumu, anasema Jumamosi analimaliza."

Nilimwomba ampigie mumewe simu palepale, asubiri kwanza. Leo nawaeleza nanyi wasomaji yale niliyowaeleza wale wazazi, kwa sababu mbwa wakubwa wa ulinzi ni wengi katika yadi na nyumba za Tunduma, Vwawa na Mlowo, na watoto hucheza nao kila siku.

Mapunye ni fangasi wa nywele na ngozi ya kichwa. Wakishika mwilini tunaita choa. Mapunye mengi ya watoto wetu hutoka kwa mtoto mwenzao, kwa kuchangia kofia, kitana au mashine ya kunyolea. Lakini wapo fangasi wanaotoka kwa wanyama, na anayefahamika zaidi kwa mbwa na paka huitwa Microsporum canis. Fangasi wa wanyama wakimwingia binadamu, mwili hupambana nao kwa nguvu, ndipo panatokea uvimbe kama ule. Kitaalamu huitwa kerioni. Unafanana na jipu, lakini haupasuliwi wala kukamuliwa. Ukicheleweshwa huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Krimu peke yake haitibu mapunye, kwa kuwa fangasi wamejificha ndani ya shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Kwa fangasi wa mbwa tunayoitumia sana ni griseofulvin, kwa kipimo cha uzito wake, wiki sita hadi nane na wakati mwingine zaidi. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au karanga, ili dawa ifyonzwe vizuri. Mjamzito hatakiwi kuitumia. Choa cha mwilini, kikiwa kidogo, huweza kupona kwa krimu ya clotrimazole ikipakwa wiki mbili hadi nne bila kukatisha. Jihadharini na krimu za mchanganyiko zenye steroidi ambazo watu huuziana kiholela. Mwasho hutulia siku mbili tatu, kumbe fangasi wanatambaa chini kwa chini na alama zake zinapotea, hata daktari anashindwa kuzitambua.

Sasa twende kwa mbwa. Mimi ni daktari wa binadamu, na mbwa ana daktari wake. Kunyonyoka manyoya si lazima iwe fangasi. Ukurutu unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi, bakteria, hata viroboto huleta hali hiyohiyo, na kila kimoja kina dawa yake. Daktari wa mifugo huchukua manyoya na magamba akayapima kwa darubini, au kuyaotesha maabara. Wapo pia wenye taa maalumu inayofanya fangasi huyu ang'ae kijani, ingawa si mara zote.

Mbwa mkubwa ana shida zake. Mbwa wa kilo 40 hawezi kutibiwa kwa dozi ya mbwa wa kilo 12. Ukipunja, fangasi hawafi. Ukizidisha, unaumiza ini. Ndiyo maana vidonge vya binadamu haviokotwi kabatini akapewa mbwa. Hata ketoconazole ya kumeza, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea masharti makali kwa binadamu, na ile ya Ulaya ikapendekeza isitishwe, kwa sababu ya madhara ya ini.

Manyoya yake mengi nayo huzuia dawa kufika kwenye ngozi. Kupaka doa moja hakutoshi, anaogeshwa mwili mzima. Madaktari wa mifugo hupenda shampuu yenye chlorhexidine na miconazole, mara mbili kwa wiki. Povu liachwe mwilini dakika kumi kabla ya kusuuza, kisha akaushwe vizuri, hasa kwa baridi yetu. Anayemwogesha avae glavu. Msimpake oili chafu, mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe bila maelekezo. Mbwa hujilamba, na sumu itaingia tumboni.

La tatu ni banda. Vimelea vya fangasi huyu vinaweza kukaa hai kwenye manyoya yaliyodondoka hadi miezi 18. Ndiyo maana sumu ya yule baba isingemponya mtoto, kwani mbwa angekufa na fangasi wangebaki. Choma magunia anayolalia, fagia manyoya yote, osha sakafu kwa sabuni na maji. Kisha pitisha jiki, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, ikae dakika kumi. Jiki ni ya sakafu tu, isimguse mbwa wala mtoto. Paka na mbwa wengine wa nyumba nao wapimwe.

Kumtibu mtoto huku mbwa na banda vikiachwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Ukiona kichwa cha mtoto kina uvimbe laini, homa au tezi za shingo zimevimba, usingoje. Nenda hospitali, na uulize kama kuna mtaalamu wa ngozi. KCMC kule Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990.

Yule mtoto alimeza dawa wiki nane. Baba yake alimwita daktari wa mifugo, akakuta ni fangasi kweli, na sumu akaifukia shimoni. Mbwa bado analinda malori, manyoya yamerudi. Mtoto nywele zimeota, isipokuwa pale palipopasuliwa. Pamebaki kovu la ukubwa wa sarafu, nalo atakua nalo.