Programu za Huduma Ndogondogo: Sehemu ya Tatu – Kusaka Hitilafu kwa Mbali

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi programu kubwa inavyogawanywa kuwa huduma ndogondogo, kila moja ikifungwa ndani ya kontena lake, na jinsi Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, inavyoyapanga makontena hayo juu ya kundi la seva, yaani klasta, ikiyafufua yanapokufa na kuyaongeza kazi inapozidi. Leo twageukia suala ambalo kwa kijana mwandishi wa programu akaaye Chiungutwa, baina ya Masasi na Newala, ndilo gumu kuliko yote: aisakeje hitilafu ilhali klasta yenyewe imo Dar es Salaam, au Johannesburg, au ng'ambo kabisa?

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Korosho za kusini huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika Mtwara mwaka 2007: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ukapimwa, ukahamishiwa ghala kuu, ukanadiwa, kisha fedha zikaingia benki. Lau mtu angeuandikia utaratibu huo programu ya namna tuliyoieleza, angekuwa na huduma ya usajili, ya mizani, ya stakabadhi, ya mnada, ya makato na ya malipo. Sasa mkulima mmoja amelipwa pungufu. Kosa limo ama katika hesabu ya makato, ama katika uzito ambao makato yalipokea kutoka mizani. Na huduma ya makato ikiendeshwa peke yake haionyeshi dosari yoyote, kwa kuwa dosari hudhihiri pale tu inapokutana na wenziwe. Kuziendesha zote juu ya laptopu moja, pamoja na hifadhidata zake, aghalabu hakuwezekani.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuyaleta maombi nyumbani. Telepresence, chombo kilichobuniwa na kampuni ya Datawire, huifanya laptopu ionekane kana kwamba imo ndani ya klasta: ombi lililoelekezwa kwa makato hukatizwa njiani, likaletwa Chiungutwa, likajibiwa, na jibu likarejeshwa lilikotakiwa. Kijana hutumia zana zilezile alizozizoea, wala hana haja ya kujenga imeji mpya ya kontena kila abadilishapo mstari mmoja. Lakini fahamu kwamba huduma hiyo, ikiwa nyumbani, kila iulizapo hifadhidata huuliza kwa mbali. Ikihitaji maswali 40 ili kumaliza hesabu ya mkulima mmoja, yatakuwa safari 40 za kwenda na kurudi.

Njia ya pili ni kuupeleka msimbo kwenye klasta. Okteto na Skaffold huweza kufanya hivyo: faili iliyobadilika, na hiyo peke yake, hupelekwa ndani ya kontena la kazi lililo klastani, na programu ikaanzishwa upya papo hapo. Mazungumzo yote ya huduma na hifadhidata hubaki hukohuko. Kinachovuka masafa ni kilobaiti chache. Kwa rai yangu, mtu aliye mbali na mwenye mtandao dhaifu aishike hii ya pili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Tanzania ilizorota mno, na siku kama hizo kazi inayotegemea safari nyingi ndiyo huumia kwanza. Umeme nao ukikatika, kontena la klastani huendelea kusubiri.

Ama kukiunga kisaka-hitilafu chenyewe, hapa yataka subira. Huduma iliyoandikwa kwa Go huendeshwa chini ya Delve, nayo ijengwe bila kuboreshwa na kikusanyi, la sivyo mistari haitalingana na msimbo. Iliyoandikwa kwa Python hutumia debugpy, ambayo desturi yake ni poti 5678. Ya Java huzoea poti 5005. Poti ya kisaka-hitilafu isifunguliwe ulimwenguni kamwe, kwani ile ya Java haiulizi nywila, na ye yote aifikiaye aweza kuendesha atakacho. Ipitishwe kwa kubectl, zana ya kuiamuru Kubernetes, inayovuta poti ya podi, yaani kifurushi kilichobeba kontena, hadi kwenye laptopu baada ya kuthibitisha idhini ya mtumiaji. Kisha njia za faili za klastani zioanishwe na za nyumbani, kwani zisipooana programu haitasimama pale ulipoiamuru isimame.

Na hata ikisimama, kuna balaa jingine ambalo wengi huliona kama uchawi. Kubernetes huuliza makontena kama yangali hai, mara nyingi kila baada ya sekunde 10, na kwa kawaida majibu matatu yakikosekana hulianzisha kontena upya. Programu iliyosimamishwa ili ichunguzwe haijibu. Basi baada ya kama nusu dakika huuawa mikononi mwa mchunguzi. Kwa hiyo ulizo hilo liondolewe kwa muda, na nakala za huduma zipunguzwe ziwe moja, ombi lisije likaenda kwa nakala usiyoitazama. Kontena lisilo na zana yoyote ndani huchunguzwa kwa kontena la muda linaloambatishwa kwenye podi ileile, jambo lililothibitishwa rasmi katika toleo la 1.25 la Kubernetes, la mwaka 2022.

Haya yote yafanyike kwenye klasta ya majaribio, yenye majina na akaunti za kubuni. Anayesimamisha programu huona kila kilichomo ndani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda mkulima wa Newala kama imlindavyo mkazi wa Dar es Salaam. Hitilafu zisizotokea illa kwenye klasta halisi, ambapo hairuhusiwi kusimamisha lolote, husakwa kwa kumbukumbu za matukio na kwa kufuata nyayo za ombi kutoka huduma hadi huduma. Hayo tutayaeleza juma lijalo.