Jino Liking'olewa, Lingine Liwekwe Lini?

Ndugu zetu wa vikundi, huku kwetu Kanyakine mtu akishang'olewa jino husema mambo yamekwisha. Pengo huachwa hivyo hivyo. Miaka ikipita anataka jino lingine, naye daktari anamwambia mfupa umepungua. Je, umeenda wapi?

Kazi ya mfupa ule ni kushika mizizi ya jino. Mizizi ikitoka, mfupa hauna kazi tena, basi huanza kupungua. Ni kama shimo lililoachwa wazi kwenye mteremko: kingo zake huporomoka. Kwa mwaka 1, upana wa mfupa hapo unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya kwanza.

Jino la kupandikiza ni nini? Ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa. Mfupa huishika kwa miezi kadhaa, kisha jino la bandia hufungwa juu yake. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivi nchini Uswidi mwaka wa 1965, na Profesa Per-Ingvar Brånemark.

Daktari huchagua wakati mmoja kati ya hizi:

1. Siku ile ile ya kung'oa. Hufaa ikiwa hakuna usaha na mfupa ni mzima pande zote.
2. Wiki ya 4 hadi ya 8. Ufizi umefunga, na mfupa mwingi bado upo.
3. Mwezi wa 3 hadi wa 4. Shimo limeanza kujaa mfupa mpya.
4. Miezi 6 na zaidi. Shimo limejaa, lakini mfupa umekuwa mwembamba. Huenda ikabidi uongezwe mfupa, na hiyo ni gharama nyingine.

Tusidanganyane, matibabu haya ni ghali, na wanaoyafanya wengi wako mijini. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu, nayo humwezesha mtu kula na kucheka bila aibu. Lakini hayazuii mfupa kupungua.

Kwa hivyo uliza kabla ya kung'olewa: "Daktari, haliwezi kuzibwa? Likitoka, nitaweka nini, na lini?" Mwambie pia kama una ugonjwa wa sukari au unavuta sigara, kwa maana hayo huchelewesha kupona. Na jino lenye usaha lisingojee pesa ya jino jipya. Litibiwe mara moja, maana usaha unaweza kuenea na kuhatarisha maisha.

Akina mama na wazee wa vikundi, mkipanga zamu za mchango, mwanachama aliyepewa tarehe na daktari afikiriwe mapema. Zamu ikimfikia baada ya miaka 2, pesa atapata, lakini mfupa utakuwa umeshapungua.