MASHUA YA BABU ITAKIMBIA, ILA SI KWA MASHINE KUBWA

WASHKAJI wa Kilwa Masoko na Lindi, hii inawahusu. Kijana akirithi mashua ya babu, wazo la kwanza ni mashine. Ya nguvu za farasi 15 anaiona ya kizee, anataka 40. Anauza mbuzi, anakopa, hata mahari inaahirishwa! Mashine inafungwa, petroli inanyweka kama togwa, na boti za fiba zinazidi kumpita. Kasheshe!

Sababu hii hapa, kaka. Mashua ya mbao haipandi juu ya maji kama fiba, inayalima. Inasukuma wimbi mbele na kuvuta jingine nyuma, na urefu wake ndio unaoamua mwisho wa mwendo. Yenye futi 25 majini hufika kama kilomita 12 kwa saa, basi. Ukizidisha nguvu, tezi inadidimia, omo inatazama mbinguni, na ubao wa nyuma uliochoka unaanza kuachia. Hebu fikiria hilo likitokea njia ya Songo Songo, ndani una akina mama na watoto.

Ila mashua nyingi kuukuu hata hizo kilomita 12 hazifiki, na hapo ndipo pa kuhangaikia. Subiri bamvua, ipweleze, itazame tumboni. Utakuta majani na vidude vyenye magamba makali kama wembe. Kwangua vyote, kalafati nyufa, paka deheni, ile chokaa iliyokandwa na mafuta ya wanyama. Wazee hawakuwa wajinga bwana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na Yamaha haikuwepo!

Halafu futa ngama. Madebe 10 ya maji ni kama kilo 200, yaani abiria watatu wanaosafiri bure. Mizigo nayo isilundikwe nyuma kwa nahodha.

Na pangaboi? Mashua nzito inataka lenye mlalo mdogo, lisilouma maji mengi kwa mzunguko mmoja. Ukifunga la boti nyepesi, mashine inakoroma kama mtu anayepanda mlima na baiskeli kwa gia kubwa. Kulibadilisha ni rahisi kuliko kununua mashine nyingine.

Kutoka Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni kama kilomita 2. Kwa mwendo huo ni dakika 10, chai ya tangawizi haijapoa. Hela ya mbuzi kanunue maboya ya abiria, inayobaki kamalizie mahari.