Kudunda kwa Mpira na kwa Gololi

Watu wengi wakiulizwa ni kipi kidundacho zaidi, mpira au gololi ya kioo, hujibu kuwa ni mpira. Jibu hilo hutokana na kuchanganya ulaini na unyumbufu. Kitu laini hubonyea upesi. Kitu nyumbufu hulirudia umbo lake. Udongo wa mfinyanzi ni laini sana, na haudundi hata kidogo.

Isaac Newton, katika kitabu chake kiitwacho Principia kilichochapishwa mwaka 1687, alieleza jinsi alivyogonganisha matufe yaliyoning'inizwa kwa nyuzi. Matufe ya sufu iliyokazwa sana yaliachana kwa kasi iliyokuwa 5/9 ya kasi ya kukutana kwao. Ya chuma cha pua yalikaribiana na hayo (gololi za beringi za siku hizi, zilizokazwa vema, zingemstaajabisha). Ya kioo yalifikia 15/16. Kwa kuwa kimo hufuata mraba wa kasi, gololi yenye uwiano huo, ikiangushwa kutoka sentimita 100 juu ya bamba nene la kioo, hupanda kiasi cha sentimita 88. Tufe la sufu lingepanda 31 tu.

Nishati iliyopungua haikupotea. Ndani ya sufu nyuzi husuguana, na nishati ya mwendo hugeuka joto. Ndiyo sababu mpira wa matambara wauchezao watoto hudunda kwa shida. Kioo hubonyea kidogo mno, nacho hurudisha karibu yote kilichopokea.

Mpira wenyewe una mafumbo zaidi. Molekuli zake ni minyororo mirefu iliyojikunja. Minyororo ya mpira wa mti hukunjuka na kujikunja upesi. Ile ya mpira wa butili, utengenezwao mirija ya ndani ya magurudumu, huenda polepole, hivyo katika joto la kawaida tufe la butili hudunda kwa uvivu. Likipashwa moto huchangamka. Mchezaji wa skwoshi naye huupigapiga mpira wake ukutani mpaka upate joto kabla ya kuanza mchezo.

Darasani yatosha rula ya mita na sakafu ya saruji. Kimo cha kurudi kigawanywe kwa kimo cha kuangushia, kisha itafutwe kipeuo cha pili. Mpira wa tenisi wa kawaida, ambao kanuni hutaka urudi sentimita 135 hadi 147 kutoka 254, hutoa 0.73 hadi 0.76. Mpira mkuukuu utapungukiwa, kwa kuwa hewa yake imekwisha kuvuja.